Koki ya Darasa la Miss Zarina

Ipo asubuhi moja ya Januari, mwanangu, ambayo miaka yote hii nimejaribu kuisahau nikashindwa, na leo naona heri nikupe na wewe uibebe kidogo. Ilikuwa Jumatatu, saa moja bado kiza, na mimi nimeinama chini ya skuli moja ya watoto wadogo pale Kilburn, mkono wangu uko juu ya koki ya shaba. Naizungusha. Naifunga. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa unafurahi.

Usinitazame hivyo. Na mimi sikuzaliwa na ndevu nyeupe.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Unguja nilikuwa mwalimu. Nimesomesha hesabu na jiografia miaka saba, na nikipita njiani wanafunzi wangu walikuwa wakisimama, hata walio juu ya baiskeli wakishuka. Baada ya mapinduzi nikatoka, kama walivyotoka wengi, na hayo ya kutoka si habari ya leo. Nikafika London na vyeti vyangu ndani ya bahasha, nimeizungushia kitambaa visije vikaroa. Nilikwenda ofisini nimevaa tai. Mama mmoja wa pale akavitazama mbele na nyuma, kama mtu anayechagua samaki, akaniambia vyeti hivi havitambuliki hapa, nianze kusoma upya. Nami nina mke, nina mtoto mchanga, na chumba kimoja cha kupanga. Nikachukua kazi niliyopewa, ya kuchochea moto wa skuli. Beleshi, makaa ya mawe, majivu. Maji yanachemka katika boila kubwa chini ya ardhi, yanapanda kwa mabomba mpaka madarasani, na kila darasa koki yake iko kule chini kwangu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hilo nalijua. Lakini hebu uwe mhunzi aliyevunjikiwa koleo, halafu kutwa usikie nyundo ya mwenzio juu ya kichwa chako. Darasa lililokuwa juu ya boila lilikuwa la Miss Zarina.

Miss Zarina alikuwa Mhindi wa Mombasa, wa miaka ishirini na minne hivi. Wazee wake walikuwa na duka Harrow, na yeye akija kazini kwa treni kila siku, amejifunga skafu mpaka puani. Ualimu alisomea huku huku Uingereza, kwa hivyo vyeti vyake hakuna aliyevigeuza nyuma. Na ndiye mtu pekee katika skuli ile aliyezungumza nami Kiswahili. Kila asubuhi hupita mlangoni kwangu: "Bwana Seif, salama? Umeamkaje na baridi hii?" Nami humjibu kwa ncha ya ulimi. Mara moja aliniita Mzee, kwa heshima tu, na mimi nina miaka thelathini na miwili. Nikakaa na neno lile wiki nzima.

Basi msichana huyu alikuwa na mtindo wake. Majira ya baridi watoto wa huku huja skuli kiza na kurudi kwao kiza. Nyuso zimenuna, kamasi zinawatiririka, ugomvi hauishi. Wapo waliokuja bila glavu, wapo waliokuja hata hawajala. Miss Zarina akaweka zamu. Kila siku mtoto mmoja alikuwa mpasha joto. Asubuhi ataiweka mikono yake juu ya bomba la moto lililo chini ya dirisha mpaka ipate joto sawasawa, kisha apite akimpa kila mwenziwe mkono, mmoja mmoja, amtazame usoni na amwulize, "Leo umeamkaje?" Akimwona mwenye huzuni, basi siku ile ni wake: atakula naye, atacheza naye uwanjani, atamwazima glavu moja. Si mwalimu atakayefanya hayo, ni mtoto. Na kesho ni zamu ya mwengine, hata wale watukutu. Palikuwa na kitoto kimoja kikiuma wenziwe. Ilipofika zamu yake alipita akipeana mikono kama sheikh siku ya Iddi.

Yote hayo nilikuwa nikiyasikia, maana sauti zilishuka na mabomba. Watoto wanacheka juu, mimi chini nimeshika beleshi, nasema moyoni: huo si ualimu, ni mchezo. Uongo mtupu. Nilijua ni ualimu, tena mzuri kuliko wangu. Miaka saba mimi sikuwahi kumuuliza mtoto ameamkaje. Hapo ndipo paliponiuma. Niliona wivu, mwanangu, sitafuti jina jengine. Nilimwonea wivu kwa ubao, kwa chaki iliyo mkononi mwake, hata kwa namna watoto walivyolivuta lile neno, Miiiss. Wamesema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo sababu tele, na hazikunisaidia kitu.

Siku moja akaniambia kwamba Ijumaa ya wiki inayokuja mwalimu mkuu atakuja kulitazama darasa lake. Akipendezwa, mtindo ule utaingizwa skuli nzima, watoto zaidi ya mia mbili.

"Niombee dua, Bwana Seif," akasema.

Nikamwambia inshallah. Na Jumatatu yake ndiyo hiyo niliyokwambia, nikaifunga koki.

Sikuifunga yote. Nilikuwa mwerevu. Niliacha joto kidogo lipite, bomba libaki vuguvugu, pasiwe na wa kusema limeharibika. Jumanne watoto wakakaa na makoti darasani. Jumatano Miss Zarina akashuka, pua nyekundu.

"Bwana Seif, darasa langu lina nini? Wenzangu wote wana joto."

"Mabomba ya zamani haya. Yana hewa ndani," nikamjibu, na sikupepesa jicho.

"Basi pole kwa taabu. Najua unajitahidi." Akaniachia kaimati alizopika mama yake, zimefungwa kwenye karatasi. Na mimi nikazila, zote.

Baadaye nikamsikia akiwaambia watoto wasikasirike, hakuna aliyewatia baridi, baridi hii ni ya Uingereza. Na mtindo wake haukufa. Bomba lilipowakatalia, watoto wakawa wanapasha mikono makwapani. Badala ya kuona haya nilizidi kuchomeka, kwa sababu nilitaka wanune na wao hawakununa.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja. Nami nikapanda na ngazi yangu, nikajitia natengeneza taa ya korido, mlango wa darasa uko wazi. Mpasha joto wa siku ile alikuwa Maureen, binti wa Kiayalandi wa miaka saba, mashavu kama andazi. Mikono yake ilikuwa imeingia rangi ya zambarau. Kila anayempa mkono anaruka. Wawili wakaanza kucheka, mmoja akalia kweli kweli kwa baridi. Mwalimu mkuu akaligusa bomba, akatikisa kichwa, akasema hapa hapana joto la kusomea, seuze la michezo. Watoto wakakae ukumbini na madarasa mengine, na jambo hili la kupeana mikono lisimamishwe. Zamu ya Maureen ikakatwa katikati. Miss Zarina akakusanya vitabu, na nilimwona akijifuta macho kwa skafu.

Nilishuka kwenda kwangu napiga mluzi.

Alasiri, watoto wanakwenda zao, nikasikia mlango wangu unafunguliwa. Ni Maureen, vifungo vya koti kavitia upogo. Watoto hawakuruhusiwa kushuka kule. Nikamuuliza anataka nini.

"Sijamaliza zamu yangu," akasema. "Umebaki wewe."

"Mimi si wa darasa lenu."

"Jumatatu tulipiga kura. Miss alituuliza ni nani katika skuli hii mwenye huzuni kuliko wote, tukasema ni wewe. Kwa sababu unakaa chini ya ardhi peke yako."

Akanyoosha mkono. Nikaupokea. Mwanangu, nimeshika mengi ya baridi katika nchi hii, nimeshika chuma asubuhi ya theluji mpaka ngozi ikabaki pale pale, lakini hakuna kilichonichoma kama kiganja kile, kwa sababu baridi yake niliitia mimi. Akaniuliza kama alivyofundishwa: "Leo umeamkaje?" Saa tisa unusu ya mchana, mtoto ananiuliza nimeamkaje, na mimi sina la kumjibu. Nilimkalisha karibu ya boila mpaka vidole vyake vikarudi rangi. Akanishukuru, akasema si kitu, jibu nitampa siku nyengine, akapanda zake.

Chumba tulichopanga kilikuwa katika nyumba ya Bi Mwanakheri, mama mtu mzima wa Kipemba aliyetutangulia London na kutulea sote kama wanawe. Nilimfuata jikoni kabla ya magharibi, nikamweleza. Nilidhani atanihurumia, maana kisa cha vyeti vyangu alikijua chote. Yeye aliendelea kuchagua mchele mpaka nikamaliza.

"Seif," akasema, "ulipokataliwa ualimu nilikulilia mie. Leo nnaona wale walokukataa hawakukosea sana. Mwalimu gani weye, wa kuwapiga watoto wa watu kwa baridi wiki nzima, na wao hata hawajui wamekosa nini?"

Nikasema si watoto niliowakusudia.

"Ndo walivyo mahasidi wote. Anokusudiwa yuko kule, anoumia aliyesimama kati. Usisafirie nyota ya mwenzio, mwanangu. Na kama yako imezama, usende ukaizima yake. Haya, nenda zako. Ukishamwambia mwenyewe kwa mdomo wako, ndo uje ule wali wangu."

Jumamosi na Jumapili harufu ya wali wake ilipanda ngazi, na mimi sikuitwa.

Jumatatu niliifungua koki alfajiri. Miss Zarina alipofika darasa lake lilikuwa na joto kuliko yote, nami nimesimama mlangoni namngoja. Nikamwambia. Sikutia mabomba, sikutia hewa. Nilimwambia niliifunga kwa mkono wangu kwa sababu nilimwonea wivu. Akavua glavu moja taratibu, akabaki kuishika.

"Mimi niliwaambia watoto baridi ni ya Uingereza," akasema. Akaikunja ile glavu. "Kumbe imetoka kwetu."

Basi. Akaingia darasani kwake. Angenitukana ningeshukuru.

Nikenda kwa mwalimu mkuu pia, nikamwambia koki ilikuwa imefungwa na mimi ndiye niliyeifunga. Yule bwana akacheka kwa upole, akanipiga bega, akasema watu wa nchi za joto watayajuaje mambo haya, nisijali, hayo hutokea. Nilifungua mdomo nimwambie sikukosea, nilikusudia. Nikaufunga. Mimi mwalimu wa miaka saba nilikubali kuonekana mjinga wa koki, kwa kuwa ujinga haumfukuzishi mtu kazi. Akaliruhusu darasa lile liendelee na mtindo wake. La skuli nzima hakulitaja tena mpaka miti ikachipua, na miti ikishachipua nani anakumbuka baridi? Watoto mia mbili, mwanangu. Hao nao wako juu ya shingo yangu.

Na Miss Zarina? Hakunishitaki, hakunisengenya. Alipita mlangoni kwangu kila asubuhi kama kawaida. "Good morning, Mr Seif." Kila asubuhi hivyo hivyo, kwa adabu. Kiswahili hakunisemesha tena hata siku moja. Aprili akahamia skuli ya Stanmore. Siku ya kuaga watoto walimng'ang'ania koti, na nilisikia kilio chao kwa yale yale mabomba. Kwangu hakushuka. Bi Mwanakheri alinipakulia wali wake, ndiyo, na nilikula, lakini msamaha wa yule binti sikuupata na mpaka leo sijui aliko.

Sasa sikiliza, maana majuto ni mjukuu na mimi wangu ameshaota mvi. Wivu utakujia. Usijidanganye kwamba wewe huna, hakuna asiyekuwa nao. Ukikujia uite kwa jina lake mapema, kabla haujajifanya haki yako. Mimi niliuita dhuluma ya vyeti, nikaulea kwa jina hilo mpaka ukapata nguvu za kuwagusa watoto. Nilidhulumiwa, ni kweli, lakini si na Miss Zarina. Ngazi za kupanda kwake zilikuwa kumi na nne tu. Ningepanda siku moja nikamwambia, "Nifundishe hilo unalolifanya," labda ningeipata tena chaki kwa mlango mwengine. Anayekuchoma kwa uzuri wa kazi yake ndiye wa kumwendea, si wa kumkimbia.

Na usiseme wewe ni mtu wa chini, huna la kumdhuru mtu. Kila mmoja ameshika kitu ambacho wenziwe wanakitegemea, na hawajui hata kama ni yeye aliyekishika. Ukikosa, ungama lote. Nusu niliyomficha mwalimu mkuu ndiyo inayoniamsha mpaka leo. Ukiwa na watoto, usiwahubirie tabia njema mpaka wakasinzia. Wape zamu ya kumfaa mtu, hata wale wanaouma wenzao, na uwaache waimalize. Maureen alikatazwa na bado aliimaliza, na mimi aliyenimalizia sikustahiki.

Mola akupe riziki yako, akunyime jicho la kuitazama ya mwenzio. Akupe moyo wa kufurahi kwa jema lisilopita mkononi mwako. Na popote atakapokutupa katika dunia hii, akujaalie mtu mmoja wa kukuuliza umeamkaje kwa lugha ya kwenu, na akujaalie umjibu vizuri angali anauliza. Amin.