Mwanangu analala na kompyuta chini ya boriti iliyooza

Wasomaji wa ukurasa huu, salamu. Msinitaje jina wala kijiji, semeni tu ni bibi wa huku Chamwino. Miaka yangu ni sabini na kitu, na hicho kitu sikijui, maana aliyekuwa anajua alishakufa. Shule sikuiona hata mlango. Anayeniandikia ni mke wa mchungaji, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitie adabu nisiyokuwa nayo.

Naogopa. Nimezika mume na watoto wawili, lakini hivi sijawahi kuogopa.

Mwanangu wa mwisho alisoma mpaka akaajiriwa na shirika la serikali. Shirika likauzwa kwa tajiri, watu wakapunguzwa, naye akiwemo. Akarudi kwangu na mke wake na begi moja. Mwaka mzima alilala ameelekea ukuta. Haongei, halimi, haogi mpaka asukumwe. Nilikuwa namfuata hata akienda chooni, nasimama nje nakohoa ili ajue nipo. Watu walinicheka. Wacha wacheke, mtoto ni wangu.

Halafu akaanza kuleta kompyuta ndogo za mtumba, zile ambazo maofisi yamezichoka. Leo moja, wiki ijayo mbili. Akazipanga kwenye rafu ya mbao, akaziunganisha kwa waya, akasema sasa zote zinafanya kazi kama kompyuta moja kubwa. Anaiita seva. Maduka kadhaa ya mjini yanatunza hesabu zao mle. Muuzaji akibonyeza kule, jibu linatoka nyumbani kwangu. Mimi sielewi, ila niliona mwanangu ameanza kuoga bila kuambiwa.

Kwanza aliziweka kwenye nyumba ya bati. Jua la huku mnalijua, zikachemka, mbili zikafa. Akazihamishia kwenye tembe langu la zamani, kwa sababu lina kuta nene na paa la udongo, mchana mle ni baridi kama ndani ya mtungi. Akavuta waya wa umeme kutoka nyumba ya bati. Nikamtania, "Baba, umeniletea wakwe kumi na hakuna hata mmoja anayejua kusonga ugali." Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo la jino.

Sasa sikieni kinachonitisha. Paa la tembe ni boriti, juu yake fito, juu yake udongo. Kila mwaka kabla ya mvua tunapanda, tunaziba nyufa kwa udongo mpya. Usipoziba, paa linakunywa maji, na udongo uliokunywa maji ni mzito kuliko ng'ombe. Mwaka huu mwanangu amekataza mtu kupanda. Anasema vumbi litadondokea mashine. Kuzizima napo hataki, maana wenye maduka wakikosa hesabu zao watahamia kwa mwingine.

Juzi nafagia mle, nikaona unga wa mchwa sakafuni. Nikachukua kisu, nikachoma boriti ya kati. Kikaingia mpaka kwenye mpini. Na godoro la mwanangu liko hapo hapo chini yake, analala mle kulinda feni za mashine zisisimame.

Nikamwita aone.

"Mama, boriti hiyo ipo tangu enzi za baba."

"Na baba yako yuko wapi? Zizime, tushushe paa tubadilishe mti. Siku tatu tu."

"Siku tatu sina wateja."

"Usiku mmoja huna kichwa."

"Unaogopa bure, mama. Hizi zinaingiza chakula humu ndani."

"Basi kama wakwe zangu wanajua hesabu, waambie wahesabu fito zilizooza."

Hakucheka. Nikaenda nikachukua mkeka, nikautandika kando ya godoro lake. Nikamwambia paa likianguka lituchukue wote. Alinibembeleza, akanifokea, mimi nimelala tu. "Toka wewe, nami nitatoka," nikamwambia. Akakaa chini, akaongea kwa sauti ndogo ambayo nilidhani tulishaizika.

"Mama, nikitoka humu naenda wapi?"

 

Mchungaji yuko tayari kunipa vijana wa kwaya. Jumamosi mwanangu huenda mjini kwa wenye maduka, na kabla hajarudi wanaweza kutoa kila kitu na kushusha paa. Nikamwambia mkwe wangu, yule wa kweli. Akapiga magoti palepale jikoni.

"Mama, nakuomba. Ukizizima zile utamzima na yeye. Wewe ulimlinda mchana, mimi nililala naye. Hujui aliyokuwa anasema."

Sikumuuliza. Nilimwinua, nikamfuta majivu kwenye magoti.

Jana jioni mawingu yalijaa upande wa Hombolo. Usiku nimelala chali kwenye mkeka wangu, vile vitaa vya kijani vinapepesa, mwanangu anakoroma kama mtu asiye na shida, na mimi natazama boriti.

Nikishusha paa, huenda namrudisha kule ukutani, na safari hii sina uhakika kikohozi changu kitatosha. Nikiacha, nitamfukua kwa mikono yangu. Msiniambie niombe, naomba tayari. Ninyi mnaozijua mashine, semeni kama kuna namna ya kuzihamisha bila kuzizima. Na ninyi mliowahi kumtoa mtu mahali asipotaka kutoka, mlimwambia nini? Nishaurini wanangu, na mnishauri upesi. Jumamosi ni keshokutwa, na anayeniandikia anasema kumeanza kudondoka matone.