Sahani Haikurudi Tupu

Juzi jirani yangu alileta gari jipya nyumbani kwake, na mimi, sijui kwa nini, nikasikia harufu ya iliki.

Nikakumbuka alasiri moja ya Ramadhani kwetu Bagamoyo. Mama alikuna nazi ya futari huku akiimba, muhogo ukitokota. Ulipoiva, akanituma niupeleke kwa Mama Zuhura, jirani ambaye mumewe alikuwa ameanza kazi ya hifadhi kule Saadani. Kwetu sahani hairudi tupu. Yangu ilirudi na pilau ya kuku, iliki ikinukia njia nzima.

"Mama, kuku!" nilipiga kelele.

Mama akafunua kawa, akafunika tena. "Nimeona. Utakula wewe."

Adhana ilipolia, akamega muhogo wake kidogo, akausogeza kando. Nilidhani umeungua. Nikauonja, mtamu vilevile. Futari yetu ilikuwa imeongezeka, sasa ule wimbo ulikwenda wapi? Nikala kuku huku nikimwangalia, nisielewe.

Siku hizi kuku nanunua mwenyewe. Lakini juzi nilisimama uani nikilitazama gari letu, hata mwanangu akaniuliza, "Mama, limeharibika?"

Nikamwambia hapana. Linawaka vizuri tu.