Kiti cha Nyuma cha Mzee Drabik

Orville Drabik alikuwa seremala wa rola kosta yetu ya mbao, ile treni ya burudani ya kupanda na kuteremka kwa kasi, hapa Pennsylvania, Marekani, kwa miaka thelathini na minane. Kila asubuhi, kabla geti la bustani ya michezo halijafunguliwa, alipanda vilima vyote vya reli kwa miguu, akigonga bolti moja moja kwa nyundo. Bolti iliyokaza hulia, iliyolegea huguna. Mimi, mshika breki, nilimngoja chini, na nakiri nilimwonea wivu kwa masikio yale.

Msimu ule masikio yakaanza kumwangusha. Sote tulijua, ila nani amfunge paka kengele? Ndipo akaja Janine Mertz, msimamizi mpya asiyemung'unya maneno. Asubuhi moja alimfuata nyuma, nami nikapanda nao, akagonga kila alipogonga mzee, kisha akasimama.

"Mzee, hii umeipita. Imelegea."

Drabik akaigonga tena, akatega sikio, akashusha nyundo. Janine akamweleza kwa upole kwamba nyundo itabidi aiache siku hiyo hiyo. Iliniuma sana. Mzee aliomba jambo moja tu: desturi yetu, kwamba aliyekagua reli ndiye apande treni ya kwanza, kiti cha mwisho kabisa.

Bolti ikakazwa, tukapanda watatu. Mnyororo ukatuvuta polepole hadi kileleni, bonde lote na mahindi yake likabaki chini yetu. Kisha tukaachiwa. Nimepanda mara elfu, na bado nilistaajabu: mbao zile, za tangu enzi za babu zetu, ziliyumba, zikalalamika, zikatubeba. Asiyestaajabu hapo hana roho. Janine alipiga ukelele. Drabik alifumba macho, viganja vimetulia juu ya kiti kama mama anayepima homa ya mtoto.

Tuliposimama alisema, "Kilima cha tatu, kushoto, kona inapoanza. Si bolti. Ubao umepasuka."

Janine akapanda kuangalia. Ufa ulikuwepo, upande wa chini, mwembamba kama uzi, mahali ambapo nyundo isingefika. Alirudi amebadilika rangi, akaamuru geti lisifunguliwe mpaka ubao ubadilishwe.

Mzee akamnyooshea nyundo. "Chukua, binti. Masikio yamekwisha, sibishi. Lakini makalio bado mazima, na kiti kile simpi mtu."

Janine akaipokea kwa mikono miwili. Kesho yake alitembea reli yeye mwenyewe, na treni ya kwanza haikuondoka mpaka mzee alipoketi.