Jumapili Maji Yaliporudi

Wiki iliyopita nilipanda tena kwenye mtaa wetu wa zamani, kule Kadutu, kwa miguu kama nilivyozoea, nikakuta vijana waliovaa buti wanachimba mtaro katikati ya njia. Wanaweka mabomba mapya ya maji. Watoto walikuwa wamekaa juu ya rundo la udongo, wanapiga makofi kila bomba linaposhushwa shimoni, na mama mmoja muuza mandazi akaniambia kwa furaha kwamba safari hii maji yatafika mpaka juu kabisa. Nilimjibu vizuri, maana hanijui na hajanikosea kitu. Lakini makofi sikupiga. Rafiki yangu, unaweza kusema nina kinyongo, na hutakuwa umenisingizia. Acha nikueleze mtaa huu ulivyokuwa nilipokuwa msichana mdogo, halafu utaniambia kama wewe ungepiga.

Bukavu ni mji wa milima, na sisi wa Kadutu tulijenga mlimani kwa kubanana, nyumba ya huyu ikikaa chini ya kizingiti cha yule. Mimi nililelewa na koko, bibi yangu mzaa mama. Chini yetu, mgongo wa nyumba yake ukiwa umeegemea ukingo wa uwanja wetu, aliishi jirani tuliyemwita mama wa chini. Yeye na koko walizaliwa upande mmoja, huko Walungu, na wote wawili waliletwa mjini na ndoa, kisha ndoa zikaisha wao wakabaki. Waliitana dada. Koko akikaanga sambaza, vidagaa vya ziwani, alipiga magoti ukingoni na kuteremsha sahani kwa mkono, na mkono wa mama wa chini ulikuwa tayari unangoja. Jioni sahani ilipanda tena ikiwa na sombe, kisamvu cha kwetu. Nilikula utotoni mwangu wote bila kujua vizuri ni jiko lipi lililonishibisha.

Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na robine yake, koki ya maji. Usinielewe vibaya, sikusema ilikuwa na maji. Bomba lilikuwa limewekwa kabla sijazaliwa, na maji yalikuja yalipotaka, labda leo, labda baada ya majuma mengi, bila tangazo wala taarifa. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Robine haikufungwa kamwe. Uliiacha wazi, chini yake unaweka beseni la bati lililopinduliwa, unaendelea na shughuli zako. Maji yakikaribia, bomba lilianza kukohoa kama mzee aliyevuta tumbaku, likatema upepo, likatema kutu, halafu tone la kwanza likagonga bati. Aliyesikia kwanza alipiga kelele: "Maji inafika!" na kelele hiyo ikashuka mlima mzima, mlango kwa mlango, mpaka bondeni.

Sijui nikueleze vipi furaha ile. Koko alijaza kila kitu kilichoweza kubeba maji, bidoni, sufuria, birika la chai, hata vifuniko. Tulioga uwanjani tukipiga mayowe, tukafuliwa nguo ambazo bado tumezivaa. Siku nyingine zote tulishuka kwenye chemchemi ya bondeni, tukapanga foleni, tukagombana, tukapanda na bidoni mgongoni, kamba ikikata paji la uso. Mimi mpaka leo nina alama hapa juu ya nyusi, na daktari mmoja aliwahi kuniuliza ni ugonjwa gani.

Shuleni mwalimu wetu alitufundisha kunawa mikono kwa maji yanayotiririka kila tunapotoka chooni. Alichora robine ubaoni, nzuri, yenye matone ya chaki ya buluu. Tuliinakili vizuri sana. Hakuna aliyecheka, na nadhani hata yeye alijizuia, maana tulimkuta chemchemini mara nyingi na bidoni yake.

Na vyoo je? Uliza tu, tusione haya. Mifereji ya maji machafu ilijengwa zamani chini huko, kwa nyumba kubwa za karibu na ziwa. Sisi wa juu tulikuwa na mashimo. Mvua kubwa iliponyesha, watu walifungua mashimo yao yasombwe na mvua, na uchafu wa wa juu ukapita mlangoni kwa wa chini, na wa chini naye akafungua la kwake. Ndivyo mlima ulivyojisafisha. Kila mvua ilikuwa na harufu yake, na baada ya mvua kulikuwa na watoto wanaoharisha. Koko hakufungua shimo letu hata siku moja. Alichimba kwa jembe mfereji uliozunguka uwanja, akaupeleka mbali na nyumba ya chini, akausafisha kila Jumamosi huku akiwatukana kwa Kishi, lugha ya kwao, majirani wa juu. Alisema hawezi kumteremshia dada yake sahani asubuhi na kinyesi mchana. Ninakuambia hili ili uelewe yaliyofuata yalimkata mahali gani.

Ilikuwa Jumapili ya komunyo ya kwanza. Nilikuwa mmoja wa watoto wa komunyo, gauni langu jeupe limeazimwa kwa binamu na kubanwa kwa pini. Mtaa wote ulikwenda parokiani, maana kila nyumba ilikuwa na mtoto wa komunyo siku ile, wa kuzaa au wa ubatizo, na koko na mama wa chini walikaa benchi moja, wamevaa vitenge vya aina moja. Misa ilikuwa ndefu, nyimbo nyingi, padri naye ana maneno. Maji yalikuwa yamekosekana siku nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeyafikiria. Robine zilikuwa wazi, kama kawaida, na mtaani hakukuwa na mtu wa kusikia bati likigonga.

Tuliporudi tuliyakuta njiani. Yalikuwa maji safi kabisa, yanashuka kwenye ngazi za mawe, yanang'aa juani. Sisi watoto tulivua viatu na kuanza kuruka ndani yake na nguo zetu nyeupe, tukiimba. Wakubwa nao walicheka. Kila mtu alikimbilia kwake, na kutoka kila mlango tulisikia kelele, godoro limelowa, unga umelowa, kelele za watu wanaolalamika na kufurahi kwa pamoja. Kwetu maji yalikuwa yamejaa jikoni na kutoka nje.

Halafu tukasikia kishindo kizito, cha kuchoka, kama mtu amedondosha gunia la mihogo. Nyumba ya mama wa chini ilikuwa ya matofali mabichi, na matofali mabichi yakinywa maji asubuhi nzima yanarudi kuwa matope. Ukuta wa nyuma ulikaa chini, mabati yakaufuata, na kuta nyingine zikainama ndani. Yeye alikuwa amesimama njiani, rozari bado mkononi. Hakuna aliyeumia, na watu walimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. 

Kesho yake walikuja watu wa maji, wenye kofia, pamoja na shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu. Usidhani walikuja kutuomba radhi kwa kuturudishia maji bila kutuambia. Mkubwa wao alikagua matope kwa ncha ya kiatu, akasema huu ni uzembe wa wenye nyumba. Mtu aliyeacha robine wazi ajitokeze akatiwe maji yeye peke yake. Asipojitokeza, mtaa mzima utakatwa. Basi ungeona jinsi watu walivyoanza kutazama vidole vyao vya miguu! Kila mmoja alijua. Hakuna robine iliyokuwa imefungwa kuanzia juu mpaka bondeni, na maji yaliyopita mlimani siku ile yalikuwa yetu sote. Nani angesema ni tone la nani lililoangusha ukuta ule?

Koko alisimama. Alijifunga kitenge vizuri kwanza, bila haraka.

"Ni kwangu," alisema. "Robine yangu ndiyo ilibakia wazi. Hawa wengine muwaache, wako na watoto."

Wengine waliguna, wengine walishusha pumzi. Hakuna aliyesema "na mimi pia". Nilimtazama mama wa chini, nikingoja amshike dada yake mkono, maana yeye alijua kuliko wote desturi ya mtaa wetu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Aliondoka katikati ya mkutano, na majuma hayakupita mengi akapakia mabati yake juu ya lori la kwenda Walungu. Koko alipiga magoti ukingoni, mahali pake pa siku zote, akamwita. Yule hakuinua uso.

Jioni ile ya mkutano, wanawake wa mtaa walimletea koko sahani za chakula, wakamshukuru kwa kunong'ona, wakarudi kwao. Hakula. Mimi nilikula, nilikuwa mtoto, na chakula kilikuwa kizuri. Na maji? Usiniulize. Walikata mtaa mzima hata hivyo. Walikuja na funguo zao kubwa, wakafunga kule juu barabarani, wakaondoka na kipande cha bomba. Robine zikabaki ukutani mpaka zikaota kutu, na sisi tukabaki na chemchemi, ambayo vyoo vya juu viliifikia mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa hata mbuzi anasita kunywa.

Koko aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuwa yule. Alituma salamu Walungu kwa kila mwanamke aliyekuja kuuza maharage soko la Nyawera. Alituma sabuni, chumvi, kitenge. Salamu hazikujibiwa. Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, rafiki yangu. Mwanzoni alisema "ni kwangu" ili kuokoa mtaa, na usiku huo huo aliniambia hivyo kwa kinywa chake, kwamba ameona ni afadhali lawama imwangukie mtu mmoja anayeweza kuibeba. Lakini lawama ukiibeba muda mrefu inakuwa mali yako. Alipozeeka alianza kuamini. Alinionyesha kwa kidole njia ambayo maji yetu yalipita, kutoka jikoni mpaka ukingoni, kana kwamba aliyaona. Mwaka jana, alipokuwa anakufa, neno lake lilikuwa moja tu: "Nilimuangushia dada nyumba. Muniombee musamaha kwake." Nilimwambia hapana, koko, ulikuwa mtaa mzima. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayedanganywa na mtoto.

Baada ya mazishi nilipanda gari kwenda Walungu. Nilitaka yule mama ajue kabla naye hajafa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anatoa maharage kwenye maganda, mzee sana, macho bado makali. Nilimweleza yote, jinsi kila robine ilivyokuwa wazi, jinsi koko alivyojitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha vidole.

"Nilijuaka, mutoto yangu," alisema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Robine yangu ilikuwa ndani ya ule ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimeacha wazi, sawa na wote. Tulipotoka ku misa, kabla nyumba ianguke, nilionaka maji inatoka ndani, inapita chini ya mulango yangu. Ya kwenu ilikuwa imefata mufereji wa koko yako, ilienda ngambo. Ni maji yangu mwenyewe."

Mfereji ule wa jembe, ulioepusha kinyesi chetu, ulikuwa umeepusha na maji yetu. Nilikaa chini kwenye udongo, na gauni langu zuri.

"Kwa nini haukusema?"

"Wote walikuwa wananihurumia. Na yeye alikuwa ameisha sema." Akatupa ganda pembeni. "Nilikuwa najiambia, mwaka ya kuja nitashuka Bukavu, nitamuambia. Kila mwaka vile. Alijuaka, lakini? Si alijuaka?"

Aliuliza akiwa ameniinamia, mikono imesimama kwa mara ya kwanza, na niliona anachotaka nimpe. Kilikuwa kitu kidogo, neno moja tu. Koko angempa. Koko angempa na salamu juu yake.

"Hapana," nilisema. "Hakujua. Alikufa anakuomba msamaha."

 Kisha aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili kama tunavyompa mgeni wetu aliyetoka mbali. Unajua kwetu kukataa maji ya mwenyeji ni kumwambia kwamba hamjapatana. Nilikipokea, nikakiweka kwenye mkeka kando ya maharage, nikaaga, nikaondoka nikiwa na kiu.