Benzi la Nyamizi Haliingii Zizini

Watu wa Kahama tuna midomo, na mimi wangu ndio wa kwanza. Siku Nyamizi alipoliingiza lile Benzi jeusi kwenye uwanja wa nyumba tuliyopanga, tulisema basi, dhahabu imempanda kichwani. Benzi lenyewe lilishatumika mpaka ngozi ya kiti cha dereva ikapauka. Lilikuwa la mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyehamia Mwanza. Sasa mwanamke hana mume, kazi yake kuosha marudio machimboni Mwakitolyo, yaani mchanga ambao wenzake wameshauosha wakauacha, anapanga chumba ukuta mmoja na mimi muuza mchele, Benzi la nini? Si angenunua bajaji imwingizie chochote? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu kwamba bajaji kila ndugu angeiazima.

Habari ya ng'ombe nilikuwa naijua, ila sikuiunganisha. Kwetu Wasukuma mtu akipata kitu ananunua ng'ombe, na ng'ombe wanakaa nyumbani, na nyumbani ni kwa kaka. Miaka yote Nyamizi akibahatika kule mwaloni wanakooshea dhahabu, ananunua ndama anampeleka Songwa kwa kaka yake Masalu, mwenye zizi la marehemu baba yao. Siku moja akaenda kumsalimia mama yake, akakuta zizi limepwaya. Masalu alikuwa amemwoza mwanawe wa kiume, na mahari ametoa ng'ombe wa dada yake bila hata kumpigia simu. Alipoulizwa akashangaa kweli kweli, maana kwake ng'ombe wa dada ni ng'ombe wa nyumbani. Nyamizi hakugombana naye. Waliobaki aliwaswaga mwenyewe hadi mnadani, akauza wote, na ndipo tukaliona Benzi.

Kulitunza sasa! Jamani, yule mwanamke alinichosha. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na hapa mtaani kila mtu anayamimina tu kwenye rejeta, gari linasonga. Yeye thubutu. Alinunua kulanti ya dukani, akaificha uvunguni mwa kitanda nisije nikaichezea. Filta ya oili inaagizwa Dar, inakuja na basi, na mpaka ifike gari halisogei, mwenye Benzi anapanda bodaboda kwenda Mwakitolyo na beseni lake mgongoni. Nilimcheka mpaka nikakohoa. Fundi wake, Makoye, akifungua hata nati moja, Nyamizi anaweka stuli pembeni na kumtazama mikono. Makoye alinilalamikia kwamba hata mkewe hajawahi kumchunga namna ile.

Lakini barabara ya machimboni haina adabu. Mawe yake yalizimaliza zile shokapu za upepo, na asubuhi moja tukalikuta gari limelala, tumbo chini, kama ng'ombe anayecheua. Makoye alisema shokapu kama zile zitachukua wiki nyingi kupatikana. Zilikuwepo springi za pikapu, angeweza kuzikata akazilazimisha zikae. Nyamizi akamwambia aguse aone.

Wiki hiyo hiyo Masalu akapiga simu. Mkwe wake, mzee Ndaki, baba wa yule binti aliyeolewa na mwanawe, alikuwa anadai mahari haijatimia, na akitishia kuja kumchukua binti yake. Masalu akamtuliza kwa kumwahidi Benzi la dada yake. Akamwambia Nyamizi alilete Jumamosi, na asipolileta asikanyage tena kwa mama.

Hapo nilimwona Nyamizi akilia, na si mtu wa kulia. Mama yake ana miguu iliyovimba, hatembei, na anayemkanda ni yeye peke yake kila aendapo. Nikamshauri alifiche gari kwa Makoye, aende na basi akamdanganye Masalu kwamba limekufa. Akanikata jicho.

"Nitakwenda kwa mama yangu, nitakwenda na gari langu, na nitarudi nalo."

Akamwita Makoye, akamwambia aziweke zile springi.

Kwa kweli lilikuwa kituko. Mbele limeinama, nyuma limebinuka, watoto wa Songwa wakalikimbilia wakicheka. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, mchele nimeuacha kwa jirani, maana jambo kama lile nisingekubali kuhadithiwa. Wazee walikuwa wameshakaa karibu na zizi. Tukawaamkia, shikamoo, marahaba, kisha mzee Ndaki akainuka na fimbo yake akalizunguka gari polepole. Akagonga tairi. Akauliza linakula nini. Masalu akasema petroli. Akauliza petroli inaota wapi huku.

"Linazaa?" akauliza tena.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Mzee Ndaki akasema yeye alitoa binti atakayezaa, hawezi kupewa chuma kisichozaa, tena cha kukinunulia chakula kila siku. Anataka ng'ombe, leo, na anawaona pale zizini. Kwa vile wa Nyamizi walishauzwa, ng'ombe waliokuwa pale zizini wote walikuwa wa Masalu.

Masalu uso ulimbadilika. Aibu yote akamgeuzia dada yake mbele ya watu. Akasema ona sasa, Benzi lenyewe lina springi za pikapu. Akasema dada yake ameuza mali ya nyumbani kwa upumbavu.

"Umenunua takataka ambayo hakuna mtu anayeipokea kwa mahari," akamwambia.

Nyamizi alikuwa anafungua mlango wa nyuma, anatoa kikapu cha mama yake. Hakupaza sauti.

"Ndiyo maana nililinunua, kaka."

Pale pale nikajisikia mjinga kwa kila nilichowahi kusema kuhusu lile gari. Nyamizi akafunga mlango, akaufuta vumbi kwa kitenge chake, akapita katikati ya wale wazee kwenda ndani kwa mama yake. Hakuomba ruhusa ya mtu. Masalu alimtazama mpaka akaingia, kisha akaenda kufungua zizi, na mzee Ndaki akaanza kuchagua.