Mimbari ya Wolnati Iliyoanikwa Juani

"Mama Edson, hiyo mimbari mnaianika kama omena?"

Jirani yangu Jedidah, nesi Mkenya, aliniuliza hivyo juu ya uzio wetu hapa DeSoto, Julai 2019. Omena ndio dagaa wetu, basi mimi nilicheka. Mume wangu Gelasius hakucheka.

Gelasius alikuwa seremala Bukoba miaka ishirini na miwili. Tangu tufike Marekani anasafisha sakafu za hospitali, na hakuna aliyewahi kumkabidhi hata ubao mmoja. Sijui kama inafaa kuishukuru dhoruba, lakini ile ya mwaka 2017 mimi naishukuru. Iliangusha mti wa wolnati mweusi uani kwa muumini mwenzetu, naye akautoa kanisani, itengenezwe mimbari ya Misa yetu ya Kiswahili. Padri akampa Gelasius kazi.

Mti ukapasuliwa mbao, akazipanga gereji, vijiti katikati hewa ipite, akangoja miaka miwili. "Huyu ukimkausha polepole hapindi," aliniambia. "Ni mgumu, lakini hagombani na randa." Kiini chake kina rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Mimbari ilipokamilika, akaitoa juani ikolee zaidi. Kwetu mvule ndivyo ulivyo, unatoka karakana ukiwa wa njano, jua linautia weusi. Kumbe wolnati ni kinyume. Siku nane kabla ya mimbari kubarikiwa kanisani, Gelasius aliingia ndani akaketi bila kuvua viatu. Upande wa jua ulikuwa umepauka kama chai ya maziwa.

"Nimewaharibia mti wao. Waambie watafute fundi."

Nikashika rozari yangu, nikaanza kusali. Jedidah ndiye aliyekuja akaipapasa ile mimbari.

"Baba Edson, si hata mguu wangu hupauka? Toa hiyo ngozi ya juu, upake mafuta."

"Haya, sasa nesi anamfundisha seremala!"

Lakini alichukua msasa, akasugua kona ya nyuma. Chini kidogo tu, rangi ilikuwepo, haijaenda popote. Asante Yesu, nilisema kwa sauti. Siku tano mfululizo, kila akitoka kazini, alipiga msasa kwa mkono, nami nafuta vumbi. Kisha akapaka mafuta ya kitani. Mbao zikayanywa, weusi wake ukarudi.

Jumapili, kabla ya baraka, alimweleza Padri Godefroid kosa lake lote, hakuficha. Padri, Mkongo mwenye maneno machache, ambaye kila baba humwita papa, alipitisha kiganja upande ule, akarudia tena.

"Mimi sioni kosa, papa. Naona fundi."

Watu wakapiga vigelegele. Mungu ni mwema, miaka kumi sijamwona mume wangu amesimama wima namna ile. Padri akamwuliza jumuiya impe zawadi gani.

Gelasius akasema: "Padri, kuna mbao zimebaki gereji. Naomba nitengeneze na kiti chako."