Bei ya Kiti cha Imogene

Delbert Yoakum alianza kuuza tiketi za mpira wa kikapu chuoni kwao, Kentucky, nywele zake zikiwa bado nyeusi, na miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumwuliza anaonaje. Ndiyo maana siku alipoulizwa, alipayuka. Mtu aliyenyamazishwa muda mrefu, jamani, ukimpa nafasi ya kusema hajui pa kuishia.

Aliyemwuliza ni mkurugenzi mpya wa michezo, Bi Kendra Voss, mwanamke mchapakazi aliyetoka jiji kubwa. Timu ilikuwa imeanza kushinda, watu wanatoka mpaka mji wa Lexington kuja kuitazama, na bei ilikuwa ileile ya zamani kwa ukumbi mzima. Bi Kendra alitaka kila upande uwe na bei yake, kulingana na jinsi watu wanavyoutaka.

"Wewe ndiye unayewajua watu wa hapa," alimwambia. "Tukipandisha, nani hataondoka?"

Delbert hakufikiri hata kidogo. Alicheka, akaweka kidole kwenye ramani ya viti, upande wa C, nyuma ya benchi la timu. Katika mji ule kiti cha ukumbini hakitafutwi, kinarithiwa, na upande wa C ndiko walikokaa wenye kurithi.

"Hawa hapa. Mwaka ule tuliofungwa mechi zote walikuja hivyohivyo, theluji magotini. Kuna mzee mmoja, Orrin Teague, mkewe kafariki, na mpaka leo anakata tiketi mbili. Kiti cha mama kinakaa kitupu na hakikaliwi na mtu."

"Anavilipia vyote viwili?"

"Kila msimu. Huyo atauza hata trekta."

Alisema kwa utani. Bi Kendra hakucheka, aliandika. Ulimi huponza kichwa, tunasema, lakini wa Delbert uliponza kichwa cha mwenzake.

Msimu ulipokaribia, bei mpya zikatoka. Upande wa C ulikuwa umepanda mara tatu. Delbert aliisoma ile orodha mara mbili. Alitamani kwenda kwa mkubwa wake amwambie kwamba sivyo alivyomaanisha, ila hakwenda. Aliogopa kuonekana mtu wa maneno matupu, na tuseme ukweli, ile raha ya kusikilizwa ilikuwa haijamwisha.

Orrin akaja dirishani asubuhi moja, kofia mkononi. Hawa wawili walikua pamoja, wakakata tumbaku shambani pamoja, na siku ya kumzika Imogene, mke wa Orrin, Delbert alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Nimepiga hesabu mpaka nimechoka," Orrin alisema. "Viwili siviwezi tena."

"Pole, bwana."

"Pole ya nini? Kwani ni wewe? Ni hao wakubwa zako, wanatuona mabwege. Jana nilimwambia binti yangu, Delbert lazima aligombana nao mpaka wakamtoa nje. Au sivyo?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Delbert alikohoa, akapanga kalamu zilizokuwa zimeshapangwa.

"Hawasikii hawa," akasema.

Hawasikii. Na tatizo lote ni kwamba walimsikia.

"Nilijua tu," Orrin alisema. "Basi chukua changu. Niachie cha Imogene."

"Lakini chako ndicho cha kando ya njia. Hayo magoti yako utayaweka wapi?"

"Yatavumilia. Siwezi kumuuza yeye."

Delbert alibadilisha tiketi bila kuinua uso, masikio yakimwaka kwa aibu. Alijiapiza kwamba kile kiti atakinunua mwenyewe, amrudishie mzee. Alipotoka kula chakula cha mchana na kurudi, kilikuwa kimeshauzwa. Bi Kendra akapita akimgonga bega. "Umeona? Ulisema kweli, wanavitaka."

Siku ya mechi ya kwanza alinunua mfuko mkubwa wa bisi, akapanda nao upande wa C. Alidhani bisi zitamsafisha. Orrin alikuwa amejibana kwenye kiti cha mkewe, magoti karibu yaguse kidevu. Kwenye kiti chake cha zamani alikaa kijana mmoja wa Lexington, mpole, shati jipya la timu.

"Njoo, njoo," Orrin aliita, uso umemkunjuka. Akamgeukia kijana. "Huyu ndiye Delbert, rafiki yangu tangu utoto. Pale ofisini ndiye anayetutetea."

"Delbert wa tiketi?" Kijana aliinuka, akampa mkono. "Mkurugenzi alikusifu sana kwenye chakula cha wafadhili. Alisema bila wewe wasingejua wapandishe wapi. Akatupa na ule mfano wako wa mzee anayemlipia marehemu mkewe kiti, eti atauza hata trekta. Tulicheka sana."

Alisema kwa nia njema, hakujua amekaa na nani.  Orrin alimtazama Delbert, akamtazama tena, akisubiri akanushe, na angeamini chochote ambacho angeambiwa.

"Orrin, mimi sikukusudia..."

Filimbi ikalia, mpira ukarushwa juu.

"Sogea, Delbert," Orrin alisema, kwa ule upole anaowawekea watu asiowajua. "Unamzibia huyu kijana, na kalipia."